Nepi kwa fedha za umma: kwa nini hoja ya "mzazi ajitegemee" haitoshi

Nchini Marekani, mama mwenye kadi ya SNAP, ule msaada wa serikali wa kununulia chakula, anaruhusiwa kuchukua maziwa, nyama, hata keki. Pakiti ya nepi hairuhusiwi. WIC, mpango wa lishe kwa wajawazito na watoto wadogo, nao haugusi nepi. Mwaka 2021 mbunge Rosa DeLauro wa Connecticut na wenzake waliwasilisha muswada wa kutenga dola milioni 200 kwa mwaka kwa ajili ya nepi za watoto na vifaa vya watu wazima wasioweza kuzuia haja. Haukupita.

Wapinzani husema nepi ni jukumu la mzazi, na kwamba bibi zetu walifua za kitambaa. Walifua, tena nyumbani kwao. Mpangaji asiye na mashine hutegemea dobi la sarafu, yaani duka la mashine za kufulia za kulipia, na mengi hayataki nepi chafu kwenye mashine zake. Vituo vingi vya kulelea watoto navyo humtaka mzazi alete nepi za kutupa za siku nzima. Asiye nazo hurudi na mtoto nyumbani, na zamu ya kazi inampita. Yaani huyo anayeambiwa ajitegemee anazuiwa kwenda kazini kwa kukosa nepi chache tu! Hapo hoja ya kujitegemea inaniishia kabisa.

Hoja inayonisumbua ni nyingine: kwa nini nepi, si pesa taslimu? Mzazi ndiye anayejua kama wiki hii kinachokosekana ni nepi, dawa au nauli. Mwaka 2021 nafuu ya kodi kwa wenye watoto ilipanuliwa, ikafika dola 300 kwa mwezi kwa mtoto wa chini ya miaka 6. Pesa zile ziliingia moja kwa moja kwenye akaunti za wazazi. Kama ningepewa kuchagua, ningeanzia hapo. Lakini mwaka ulipokwisha, Bunge halikuuongezea muda mpango huo, nao mtoto hangoji wanasiasa waelewane. Zaidi ya hapo, benki za nepi, mashirika yanayogawa nepi kwa familia zenye uhitaji, hununua kwa jumla, kwa bei asiyoipata mtu anayenunua pakiti ndogo ndogo kadiri senti zinavyopatikana.

Jimbo la Tennessee lilichukua njia ya bima ya afya. Tangu 2024, TennCare, bima ya jimbo hilo kwa watu wa kipato cha chini, hulipia hadi nepi 100 kwa mwezi kwa mtoto wa chini ya miaka 2. Ni hatua, ila piga hesabu: kichanga anayebadilishwa mara 8 kwa siku anazimaliza kabla ya wiki mbili kwisha.

Watu wazima ndio wanaosahaulika. Medicare ya kawaida, bima ya wazee, hailipii nepi zao. Medicaid, bima ya watu wa kipato cha chini, hulipia katika majimbo mengi daktari akithibitisha haja, lakini mzee ambaye pensheni yake imezidi kikomo kidogo tu hukosa huku na huku. Wala hamwambii mtu, kwa aibu. Anapunguza kutoka, anapunguza hata maji ya kunywa. Hapa wanaohofia bajeti wana haki ya kuuliza maswali, maana mtoto huachana na nepi baada ya miaka 2 au 3, ilhali mzee anaweza kuzihitaji mpaka mwisho wa maisha yake. Muswada wowote usiokadiria gharama hiyo waziwazi utawapa sababu ya kuukataa wote, pamoja na nepi za vichanga.