Tana mbili

Nilipoambiwa kwamba kituo changu cha kazi kiko Tana, nilidhani aliyenipigia simu amesoma vibaya fomu zangu. Mimi ni mtu wa Tana. Nimezaliwa Kenya, kando ya mto Tana, chini kidogo ya mji wa Garsen, nikauacha mto ule nyuma, nikaja kuhudumia wazee kaskazini kabisa mwa Norwei. Kumbe na huku kuna mto Tana. Wasami, wenyeji wa hapa, wanauita Deatnu, yaani mto mkubwa, na ng'ambo ni Ufini, ambako unaitwa Teno. Majina yamegongana tu, hayana undugu. Lakini tangu siku hiyo siwezi kuutazama huu nisiuone ule.

Nyumbani wananiuliza habari za baridi. Ni kweli, kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi, na mto huganda mpaka kwenye Mei, watu wakapita juu yake kwa pikipiki za theluji. Hayo mtu huyazoea. Kilichonishika mimi ni mashua.

Mzee mmoja jirani yangu ana mashua ya mbao, ndefu na nyembamba, ameilaza kifudifudi kando ya ghala. Siku moja alinitolea upondo wake, mti mrefu uliolainika pale mikono inaposhika. Nikaushika, nikasimama kama anavyosimama mjomba akivusha watu na magunia ya maembe: mguu mmoja mbele, goti limelegea. Mzee akacheka kwa furaha, akanisogeza kiwiko kidogo, halafu akanyamaza. Baadaye akasema wajukuu zake hawajui kuushika hivyo.

Sababu ni salmoni. Mwaka 1928 alivuliwa hapa mmoja wa kilo 36, na katika salmoni wa Atlantiki walionaswa kwa ndoano hajapatikana wa kumpita. Sasa wamepungua mno. Mwaka 2021 uvuvi wake ukafungwa pande zote mbili za mpaka, na msimu uliofuata haukufunguliwa, wala uliofuata huo. Juu ya hayo, kila baada ya miaka miwili huingia kwa wingi salmoni wa pinki, samaki mgeni aliyepandikizwa na Wasovieti katika mito ya Urusi. Mgeni amejaa, mwenyeji ameadimika, na nyavu zimetundikwa. Mzee huyu haupingi uhaba wa samaki. Kinachomuuma ni kwamba kanuni mpya za uvuvi za mwaka 2017 zilikubaliwa kati ya Oslo na Helsinki, huku Wasami wakilia kwamba hawakusikilizwa.

Kwa hiyo wenzangu wa ughaibuni wanapoandika kwamba huku kila kitu kimenyooka, mimi nakataa. Mtu wa mtoni huku naye huamuliwa mambo yake na watu wa mbali. Ila kuna jambo moja ninalolionea wivu, nalo si barabara wala mshahara. Ni kwamba maji ya mto yanapimwa na vipimo vinawekwa hadharani. Barafu inapoanza kuvunjika na theluji kuyeyuka, yule mzee anafungua simu akiwa jikoni, anaona mto umefika wapi leo na unatarajiwa kufika wapi siku zinazokuja. Kisha anakwenda kuisogeza mashua yake.

Kwetu, juu ya mto kuna mabwawa matano ya umeme: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, la kwanza likiwa la 1968 na la mwisho la 1988. Sina ugomvi na umeme. Lakini mashamba yetu ya mpunga yalilimwa na mafuriko. Maji yalipanda masika na vuli, yakashuka, yakaacha tope, na bibi akapanda juu ya tope hilo. Mabwawa yalipokuja, mafuriko yale ya kawaida yakapungua. Ikija miaka ya mvua kubwa, mabwawa hujaa na kumwagika, na maji hutujia si kama mgeni aliyezoeleka bali kama mwizi. Redioni tunasikia kwamba wakazi wa nyanda za chini wahamie sehemu za juu. Lini? Maji kiasi gani? Hatuambiwi.

Shangazi yangu ana kipimo chake. Jioni huchomeka kijiti ukingoni, alfajiri huenda na tochi kukitazama. Mwishoni mwa 2023 alikwenda akakikosa kijiti na ukingo wenyewe. Maji yalikuwa mlangoni pa banda la mbuzi.

Kutoka Kiambere hadi kwetu maji husafiri siku kadhaa. Katika siku hizo mtu angehamisha mbuzi, magodoro, mbegu na mgonjwa. Ninachokidai si kikubwa: ujumbe wa simu, kwa Kiswahili, Kipokomo na Kiorma, wenye tarehe na kimo cha maji, ufike kwenye kabambe ya shangazi, simu yake ndogo ya vitufe, kabla ya maji kufika. Wanaosimamia mabwawa wanayo hesabu hiyo mezani. Haina sababu ya kuishia mezani.

Nilimpigia juzi. Vuli imeanza, mto umekuwa mwekundu, na kijiti amekichomeka hatua kumi na mbili kutoka mlangoni.