Bunduki ya Kwanza Si Lazima Iwe Bastola

Mtoto wa shangazi yangu, aliyehamia Houston akitokea Mwanza na ambaye sasa ana grinikadi, aliniambia mwezi uliopita kwamba anakwenda kununua bastola. Alichotaka kwangu ni niikubali aina aliyochaguliwa tu. Anafanya kazi kwenye kituo cha mafuta, zamu ya usiku, na wenzake walishamchagulia: Glock 19, risasi za milimita tisa, mazungumzo yamekwisha. Nilipomwambia aanze na bunduki ndogo ya .22 (upana wa risasi kwa inchi), ile ya kuegemeza begani, alicheka mpaka akakohoa. "Kaka, hiyo si ya kupigia njiwa?"

Tangu hapo nimegundua kwamba karibu kila Mswahili ninayemfahamu huku ana kicheko hichohicho. Wanaosema "anza na .22" wanaonekana waoga, au watu wenye muda wa kuchezea makopo. Nadhani hawajasikilizwa vizuri.

Tuitendee haki bastola kwanza, maana hoja zake ni nzito. Mwaka 2008, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kesi ya District of Columbia dhidi ya Heller, iliyohusu haki ya kuwa na bastola nyumbani, Jaji Antonin Scalia alieleza kwa nini Wamarekani huipendelea kwa ulinzi wa nyumbani: inawekwa mahali pa kufikika haraka, mvamizi hawezi kukunyang'anya kirahisi, haidai misuli ya kuinua bunduki ndefu, na unaweza kuilenga kwa mkono mmoja huku mwingine ukipiga simu polisi. Kwa binamu yangu kuna la ziada. Hatari anayoiogopa haiko sebuleni kwake, iko kwenye maegesho, zile hatua arobaini kati ya mlango wa duka na gari lake saa sita usiku. Tangu Septemba 2021 Texas haimdai kibali cha kubeba bastola mtu wa miaka 21 na zaidi ambaye sheria haimkatazi kumiliki. Kwenye maegesho yale .22 ndefu haina jibu, na sitajifanya inalo.

Ila bastola ni chombo kigumu kujifunzia. Mtutu wa Glock 19 ni inchi nne. Kidole kikivuta kifyatulio kwa pupa, mtutu unayumba, na risasi inakwenda mbali na ulipodhani. Mgeni wa bastola huusubiri mlio kwa woga, mkono unainama kabla tu ya kufyatua, na matundu yanajipanga chini ya shabaha. Bunduki ndefu unaishika kwa mikono miwili, bega na shavu, na hata ukigeuka kumuuliza mwalimu kitu, urefu wenyewe unakukumbusha mtutu umeelekea wapi. Mwenye bastola hugeuka nayo mzima mzima, na watu wote waliosimama naye msitarini wanainama.

Halafu kuna kuta. Sisi tumekulia kwenye nyumba za tofali, ukuta ni ukuta. Nyumba nyingi za huku ni fremu za mbao zilizofunikwa kwa mabamba ya jasi, na risasi ya milimita tisa iliyokosa shabaha inapita hapo na kuingia chumba cha pili ikiwa bado na nguvu ya kuua. Chumba cha pili ndiko walikolala watoto.

Wengine watakwambia dawa ni shotgani, bunduki inayorusha chembe nyingi kwa mpigo mmoja. Ni silaha ya kuaminika, lakini mbili kati ya sifa zake maarufu ni hadithi: kwamba huhitaji kulenga, na kwamba mwizi akisikia inavyokokwa tu atakimbia. Kwa umbali wa chumba, chembe zake zinatua pamoja, pengine upana wa kiganja, kwa hiyo lazima ulenge. Na ile ya geji 12, yaani yenye mtutu mpana, ina teke. Nimeona mwanamume mwenye kifua akiifyatua mara tatu, akairudisha kwa adabu na kusema inatosha.

Sasa .22 inayochekwa. Risasi yake, ile iitwayo Long Rifle, ipo tangu 1887, na haijadumu hivyo kwa bahati. Bei yake ni kama robo ya ile ya milimita tisa, teke lake halisikiki begani, na mlio wake haumtishi anayeanza, ingawa masikio yanafunikwa vilevile. Kwa pesa zitakazokununulia dakika ishirini za bastola, unashinda uwanjani mchana kutwa. Mwanafunzi anajifunza kupumua, kuvuta kifyatulio taratibu, kuweka kidole nje hadi awe tayari, kufungua na kuhakikisha chemba ni tupu, na anavirudia mara mia mbili hadi mwili uvizoee. Ruger 10/22, inayouzwa tangu 1964, imefundisha hivyo watu wa vizazi viwili vitatu. Wala si kitu cha kuchezea: risasi yake inaua mtu, na inasafiri zaidi ya kilomita moja ikikosa kizuizi.

Lakini hoja inayoninyima usingizi haihusu shabaha. Mwaka 2020 watafiti walichapisha uchunguzi wa watu wazima wapatao milioni 26 wa California, waliofuatiliwa kuanzia 2004 hadi 2016. Walilinganisha walionunua bastola na wasiokuwa nayo. Wanaume wenye bastola walijiua kwa silaha ya moto kwa kiwango cha karibu mara 8 ya wanaume wasio nayo. Wanawake, mara 35.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilifanya anachofanya kila mtu: nikatafuta pa kuipinga. Bila shaka, nilisema, aliyekwisha kuamua kufa ndiye aliyekwenda dukani. Kuna ukweli hapo, kwa sababu hatari ilikuwa kubwa kuliko wakati wowote mara tu baada ya ununuzi wa kwanza. Lakini zaidi ya nusu ya vifo hivyo, asilimia 52, vilitokea baada ya mwaka mzima kupita. Mtu hanunui leo kwa ajili ya huzuni ya mwakani. Na wenye bastola hawakuwa na kiwango cha juu cha kujiua kwa njia nyingine. Kama wangekuwa tu watu wenye majonzi kuliko wengine, ingeonekana huko pia. Kilichowatofautisha ni kwamba siku mbaya ilipofika, kitu kilikuwa karibu na kilikuwa kimejaa.

Nawafikiria watu wetu. Zamu za usiku, baridi, deni la gari, simu za nyumbani zinazoanza kwa "shikamoo" na kuishia kwa ada ya shule, na msemo wetu kwamba mwanaume hasemi. Mwaka 2021 silaha za moto ziliua watu 48,830 Marekani, na 26,328 kati yao walijiua. Binamu yangu amejipanga dhidi ya mtu wa maegeshoni. Dhidi ya siku mbaya ya Februari hajajipanga.

Lazima niseme hili pia: California ilianza kuhifadhi kumbukumbu za mauzo ya bunduki ndefu mwaka 2014 tu, kwa hiyo uchunguzi ule ulihesabu bastola peke yake. Siwezi kuutumia kudai kwamba .22 ni salama. Bunduki ndefu nazo zimewazika wenyewe. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho. Kazi unayoipa bunduki ndiyo inayoamua italala wapi. Ya kujilinda italala karibu na mto, risasi ndani, vinginevyo haina maana. Ya shabaha haina sababu yoyote ya kuwa na risasi nyumbani: inalala sefuni, risasi kabati jingine, ufunguo mwingine. Kati ya wazo baya na kifyatulio kuna milango miwili ya kufungua.

Nilimuuliza kama mkewe anajua mpango huu. Akasema atamweleza akishanunua.

Hapo nilikasirika, nakiri. Mwaka 2022 watafiti wa California walitoa hesabu nyingine, safari hii ya watu wasio na bastola wanaoishi na mwenye nayo. Uwezekano wao wa kupigwa risasi na kuuawa na mwenzi wao ulikuwa mara saba ya wale wanaoishi nyumba zisizo na bastola, na waliouawa hivyo walikuwa wanawake kwa asilimia 84. Simshuku binamu yangu. Lakini kwa desturi yetu hata kitanda kipya mke huulizwa, na kule Tanzania ombi la silaha huanzia kwa viongozi wa mtaa, watu wanaojua kama nyumba yako ina amani. Texas, dukani, ni fomu ya serikali namba 4473 na ukaguzi ambao mara nyingi huchukua dakika chache. Karani hamjui shemeji yangu.

Tulikwenda uwanjani Jumamosi, tukakodi zote mbili. Glock ilimpa matundu yaliyotawanyika chini kushoto, na mawili hatukuyaona kabisa kwenye karatasi. Kwa .22 alijaza duara la ukubwa wa sahani ya chai, akapiga picha, akaituma Mwanza. Nilidhani nimeshinda.

Juzi alinipigia. Amenunua sefu na kuifunga ukutani kwa boliti, na mkewe ndiye aliyechagua namba ya siri. Kwa sasa wameweka pasipoti na cheti cha ndoa. Bastola bado anaitaka.