Kutoa na kukatwa

Mshahara wangu wa kwanza hapa Leipzig, Ujerumani, ulikuja na karatasi ndefu ya makato. Katikati ya bima na pensheni nikakuta neno Kirchensteuer. Kodi ya kanisa! Kumbe siku ile nilipojiandikisha ofisi ya wakazi, nikaulizwa dini, nikajibu kwa fahari "Mlutheri", nilijiingiza mwenyewe. Mkoa huu unatoza asilimia 9, siyo ya mshahara bali ya kodi ya mapato: ukikatwa kodi euro 400, kanisa linapata 36. Inakusanywa na ofisi ya kodi ya serikali, nayo inalipwa kwa kazi hiyo. Jambo hili lilikuwemo kwenye katiba ya Ujerumani ya 1919, ile ya Weimar, na katiba ya 1949 ikalibeba kama lilivyo.

Wenzangu wodini wengi hawana dini, maana hii ilikuwa Ujerumani Mashariki ya kikomunisti. Walinicheka. "Nenda Standesamt, ofisi ya vizazi na ndoa, ujitoe kanisani, hela ibaki kwako." Sikujitoa. Lakini mwaka ule wa kwanza nilinung'unika sana: sadaka gani hii ambayo mkono wangu haukuigusa?

Mimi nimekulia Machame, Kilimanjaro, kwenye mnada wa kanisani. Ibada ikiisha watu hawaondoki. Wanasimama uwanjani, mzee wa kanisa ananyanyua mkungu wa ndizi, trei ya mayai, jogoo aliyefungwa miguu. Asiye na fedha ameleta alichovuna, mwenye fedha anakigeuza kuwa fedha. "Elfu kumi hapa, nani ana kumi na mbili?" Mtu anachukua jogoo kwa elfu arobaini, bei ambayo sokoni angecheka akitajiwa, halafu anasema mnadini tena. Jogoo yule yule anauzwa mara tatu, na wa mwisho anamkabidhi bibi mjane ambaye asubuhi alileta parachichi mbili tu. Watoto tulikuwa tunashangilia kama mpira.

Wamisionari waliofika Machame mwaka 1893 walitumwa na misheni ya Leipzig, mji huu huu ninaopandia tramu kila asubuhi. Mnada kwao sijauona. Oktoba, kwenye sikukuu ya mavuno, wanapanga maboga na mikate madhabahuni vizuri kweli, kisha vinapelekwa kwa wenye uhitaji kimya kimya. Nusura nipaze sauti: "Boga, euro tano!"

Sasa niseme la upande wetu, najua nitaudhi. Usharika ninaosali hapa unaweka bajeti mezani, muumini yeyote anakuja kusoma: gesi ya kupashia kanisa joto kiasi gani, fundi wa kinanda kiasi gani. Nilisoma ukurasa kwa ukurasa, manung'uniko yakapungua. Mkono wangu haukuigusa ile 36, lakini jicho langu liliifuata hadi mwisho.

Nyumbani ni kinyume. Tulichangishana sisi wa ughaibuni kwa ajili ya bati za ukumbi wa kwaya. Miaka mitatu imepita, ukumbi bado hauna paa, na nilipouliza nikajibiwa kwamba kazi ya Mungu haihojiwi. Haihojiwi na nani? Wiki ya uwakili ikifika tunahubiriwa Malaki 3, leteni zaka kamili ghalani, na mimi naitikia amina. Ila Luka 16:2, "toa hesabu ya uwakili wako", nimeisikia mimbarini mara chache mno. Wakili hapa ni msimamizi wa mali, si mwenye mali. Aliyepokea bahasha yangu ni wakili sawa na mimi niliyeijaza, na hesabu inatuhusu wote wawili. Kumwambia mchangiaji anyamaze kwa sababu ametoa kwa Mungu ni kumtumia Mungu kama pazia.

Sisemi tuige kukatwa. Bibi yule wa parachichi hana karatasi ya mshahara ya kukatwa chochote, na mfumo wa Wajerumani usingemwona kabisa, mnada ulimwona. Ninachotaka ni mnada ule ule, kelele zile zile, halafu Jumapili inayofuata karatasi moja ibandikwe mlangoni: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki.

Mwezi huu nimetuma tena, safari hii nikaomba risiti ya bati na picha ya paa. Ujumbe umesomwa, tiki mbili za bluu. Leo siku ya tisa.