Bajeti Ndogo: Nyota Auzwe Lini?

Tarehe 4 Agosti 2020 Brentford walifungwa 2-1 na Fulham kwenye fainali ya mchujo wa kupanda Ligi Kuu ya Uingereza. Haukupita muda mrefu mfungaji wao mkuu, Ollie Watkins, akauzwa Aston Villa kwa paundi milioni 28. Shabiki akisikia hivyo anajua la kusema: viongozi wameshiba, timu wameiacha njaa. Ila tazama kalenda. Ivan Toney alitoka Peterborough na kusaini Brentford tarehe 31 Agosti, siku tisa kabla Watkins hajaondoka. Msimu huo Toney alifunga mabao 31 ya ligi, na Mei 2021 Brentford wakapanda.

Watkins mwenyewe alipata nafasi kwa njia hiyohiyo. Mwaka 2019 Neal Maupay aliuzwa Brighton, na benchi la ufundi likamtoa Watkins pembeni na kumweka katikati. Akajibu kwa mabao 25 ya ligi. Washambuliaji watatu walipokezana jezi, wawili wa kwanza waliuzwa, na timu ilizidi kupanda.

Wanaopinga biashara hii wana hoja nzito. Timu hujengwa na mazoea: beki wa kati anayejua bila kutazama kwamba kiungo mkabaji amerudi kuziba, winga anayejua mshambuliaji wake anataka mpira mguuni au mbele. Leicester waliotwaa ubingwa wa 2015/16 walibadili kikosi cha kuanza mara chache kuliko timu yoyote ya ligi hiyo. Kiangazi kilichofuata N'Golo Kanté akaenda Chelsea. Leicester wakamaliza nafasi ya 12. Southampton nao waliuza karibu kila dirisha la usajili, na kwa muda mambo yakaenda: baada ya mauzo makubwa ya 2014 walimaliza wa 7, kisha wa 6. Januari 2018 wakamuuza Virgil van Dijk kwa paundi milioni 75, wakaponea nafasi ya 17, na 2023 wakashuka daraja. Anayeuza kila mwaka anacheza kamari kwamba msaka vipaji wake hatakosea mara tatu mfululizo.

Ni kweli. Lakini upande wa pili, wa kutouza na kujaza nafasi kwa wachezaji wasio na ada, huhesabiwa vibaya, na kosa huanzia kwenye neno moja: bure.

Chukua mchezaji huru, yaani asiye na mkataba na klabu yoyote, wa miaka 31. Mpe mkataba wa miaka mitatu, mshahara paundi 30,000 kwa wiki. Wiki 156 zinameza milioni 4.68, kabla ya fedha ya kusaini na ya wakala, ambazo hapa hupanda kwa sababu kila mtu mezani anajua klabu haijalipa ada. Mwishoni ana miaka 34 na sokoni hana bei. Sasa chukua kijana wa miaka 21 aliyenunuliwa kwa milioni 3, mkataba wa miaka minne, mshahara 10,000 kwa wiki. Ada na mishahara ya miaka yote minne ni milioni 5.08. Tofauti ni ndogo mno. Ila ada yake kwenye vitabu vya hesabu vya klabu inagawanywa kwa miaka ya mkataba, 750,000 kila mwaka. Baada ya misimu miwili thamani yake vitabuni ni milioni 1.5. Akiuzwa milioni 6, faida ya milioni 4.5 inaandikwa mwaka huohuo. Akiboronga akauzwa milioni 1, hasara vitabuni ni nusu milioni na mshahara wake umeondoka naye.

Yule wa bure akichanika misuli ya paja mwezi Novemba, haondoki. Hakuna klabu itakayomchukua kwa mshahara ule, hata kwa mkopo, mpaka ninyi mlipe nusu. Na hilo si baya kuliko yote. Baya ni kwamba dirisha dogo likifunguliwa, wakala wa kiungo wenu bora anaingia ofisini akiwa na tarakimu moja tu kichwani: 30,000. Mkongwe mmoja amewapandishia mshahara wachezaji wanne. Bajeti ndogo huvuja hapo zaidi kuliko kwenye ada za uhamisho, na hakuna shabiki anayeona, kwa sababu siku ya utambulisho magazeti yaliandika kwamba hakugharimu kitu.

Mkongwe ana kazi yake, hasa kwa timu inayopigania kubaki. Wawili au watatu wanatosha, kila mmoja kwa mkataba wa mwaka mmoja unaojiongeza mwingine akianza idadi fulani ya mechi, tuseme 25. Asiyecheza hagharimu msimu wa pili.

Tarehe ya kuweka ukutani ni ile mkataba unapobakiza miezi 24. Hapo mchezaji anaongeza au anauzwa. Ukibaki mwaka mmoja, mnunuzi anajua kwamba akisubiri miezi sita mchezaji anaruhusiwa kuzungumza na klabu nyingine na kuondoka bila ada, basi anatoa ofa ya kejeli na mnalazimika kuisikiliza.

Kuuza nako kuna makosa yake, na ndiyo yanayowapa wanaopinga biashara hii ushahidi. La kwanza ni kuuza siku ya mwisho ya dirisha: kila muuzaji mnayempigia simu anajua mna fedha mfukoni na saa chache tu. La pili ni kuuza uti wa mgongo kwa pamoja, kipa na mabeki wa kati kiangazi kimoja. Winga hujifunza timu kwa wiki chache, safu ya ulinzi huchukua miezi. La tatu ni kutafuta mtu anayefanana na aliyeondoka badala ya kuuliza alikuwa akifanya nini. Kama aliwapa mabao 15 na kukimbiza mabeki dakika 90, kazi hizo zinaweza kugawanywa kwa wachezaji wawili wa bei nafuu, na sehemu ya mabao kutafutwa kwenye kona na frikiki. Midtjylland walitwaa ubingwa wa Denmark mwaka 2015 wakitegemea sana mipira iliyokufa, na kocha wa mipira hiyo ni rahisi kumlipa kuliko mshambuliaji. Anayeuza aweke pia kipengele cha asilimia 10 hadi 20 ya mauzo yajayo ya mchezaji huyo. Mnunuzi hukikubali kwa urahisi kuliko kuongeza ada.

Mei 2021 Youri Tielemans aliwafungia Leicester bao la ubingwa wa Kombe la FA dhidi ya Chelsea. Mkataba wake ulikuwa umebakiza miaka miwili kamili. Hakuongeza wala hakuuzwa, na kwa kombe lile ni vigumu kumlaumu aliyetaka abaki. Kiangazi cha 2023 Leicester walishuka daraja, naye akaondoka bila ada kwenda Aston Villa, klabu ileile iliyolipa milioni 28 kwa Watkins.