Kabla hujasema kompresa imekufa, pima

Kuna mafundi friji hapa Mwanza wana jibu moja tu mfukoni. Friji haiwaki? Kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya baridi, imekufa. Wiki hii zamu imemfikia jirani yangu wa Igoma, mama anayeuza maji baridi na sato. Fundi kaja, kavuta friji, katega sikio, kasema: "Mama, hii kompresa imeondoka. Kama si kompresa basi ni gesi." Testa, kile kipimo cha umeme, hata hakuitoa kwenye begi, kama anayo.

Gesi! Jamani, gesi ikivuja kompresa ya friji la nyumbani inaendelea kuunguruma kama kawaida, tena bila kupumzika, ila barafu ndiyo huioni. Kompresa iliyogoma kuanza haina deni la gesi. Huo si ufundi, ni ramli.

Friji la mama lilikuwa linaguna sekunde chache, halafu tik! Kimya. Baada ya muda, linaguna tena. Ile tik ni ovalodi, kile kinga cha mota, inakata umeme kwa sababu mota ya ndani ya kompresa imevuta umeme mwingi na imeshindwa kuzunguka. Maana yake umeme unafika. Sasa chomoa plagi, fungua kifuniko cha plastiki ubavuni mwa kompresa, vuta rilei, kile kifaa kidogo kinachosaidia mota kuanza, itikise karibu na sikio. Ikilia kama kayamba, mara nyingi kidonge cha ndani kimevunjika. Rilei ya mama ililia.

Ikiwa kimya, bado hujamaliza. Shika testa, pima omu, yaani ukinzani wa nyaya za mota, kati ya pini mbili mbili kwenye zile pini tatu za kompresa ulipovuta rilei. Kipimo kikubwa kinatakiwa kiwe jumla ya viwili vilivyobaki. Pini ikikosa mawasiliano, au ikigusana na bodi ya chuma ya kompresa, hapo sawa, mwambie mama habari mbaya. Kama friji ina kapasita, kile kikopo kinachotunza umeme hata plagi ikichomolewa, itoe chaji kwanza kabla hujaishika.

Nakubali, shingo upande: kompresa zinakufa kweli, na nyingine zinakwama ndani hata kama omu ziko sawa. Na umeme wetu hausaidii. Tunatakiwa kupata volti 230, lakini jioni, ukiwa mwisho wa laini huko milimani na jirani anachomelea mageti, taa zenyewe zinakuambia. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo ndiyo balaa, presha ya gesi ndani haijatulia, mota inaanza kama gari linalopanda mlima. Chomoa, subiri dakika tano. Na sisi wateja tuna letu: fundi akipima nusu saa akakuta waya umelegea, tunamlipa nauli na "asante kaka".

Lakini nina swali ambalo sijajibiwa. Fundi akishafunga kompresa mpya, mbona anaondoka na ile "iliyokufa"? Atasema anaipeleka chuma chakavu. Haya. Na zile kompresa za mtumba zilizopakwa rangi nyeusi madukani, zinavunwa shamba gani?