Mzee wa Povu

Kazi za hoteli Tanga mara nyingi zinapatikana getini. Unatia vyeti kwenye bahasha ya kaki, unapanda bajaji kutoka Ngamiani hadi Raskazone, unaanza kupita geti baada ya geti, na mtu wa kwanza kukusaili ni mlinzi. Ukimwamkia vizuri, sivi yako inafika mezani kwa wakubwa. Ukimpita kama hukumwona, inafungiwa karanga.

Hayo nilifundishwa na shangazi yangu, aliyetandika vitanda vya hoteli mpaka akastaafu, na ambaye hadi leo akiingia chumbani kwa mtu hunyoosha shuka kwanza ndipo asalimie. "Usiende saa nne asubuhi," aliniambia. "Saa nne wageni wanarudisha funguo, mapokezi kuna ugomvi wa bili. Nenda saa tisa, chakula cha mchana kimekwisha na cha usiku hakijaanza. Saa tisa hata meneja ni binadamu." Akanikataza pia kungoja Juni, kwa kuwa msimu wa wageni ukishaanza hoteli zinakuwa zimekwisha kujaza watu wake. Pita wakati wa masika, vyumba vitupu na wakubwa wana nafasi ya kusoma barua. Na atakayekuomba hela ya fomu, mwachie fomu yake.

Nikapita na masika, bahasha nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni. Kila geti nililofika walinzi walinipa moyo kwamba kazi zitakuwepo tu, maana bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, lenye kilomita 1,443, mwisho wake ni hapa kwetu Chongoleani, na wahandisi nao lazima walale mahali. Hatimaye hoteli moja, sitaitaja, ikanipigia simu: njoo Alhamisi saa tisa, usaili, nafasi ya mapokezi.

Mateso yakaanzia hapo. Kila usiku baada ya isha shangazi alikuwa akinikalisha barazani, yeye kwenye kiti, mimi kwenye mkeka, ananipiga maswali.

"Udhaifu wako ni nini?"

"Nafanya kazi kupita kiasi."

"Toka hapa! Kila mtu anasema hivyo. Mimi mwenyewe nilisema hivyo, na nilikuwa mvivu. Taja udhaifu wa kweli, mdogo, halafu useme unaushughulikia vipi."

Tukakubaliana kwamba udhaifu wangu ni kusahau majina ya watu, na dawa yake ni kuyaandika. Kuhusu kwa nini niliacha kazi yangu ya kwanza kwenye mgahawa, nilizuiwa kabisa kumtaja tajiri wa pale kwa ubaya, ingawa anastahili. Mshahara nisiutaje kabla hawajauliza, na wakiuliza nisiseme "wowote tu", wataniamini. Mgeni mwenye nusu siku tu mjini nimpeleke Mapango ya Amboni, si mbali na mjini, ila nimwambie mapema kwamba mle ndani mna popo, asije akarudi kunidai.

Lakini somo lenyewe hasa lilikuwa mgeni mkali. Shangazi alisema hilo haliachwi katika usaili wowote wa mapokezi, na alilifundisha kwa vitendo. Alikuwa anaingia ndani, anajitanda kanga, anatoka anapiga kelele: "Nimeona panya! Panya mkubwa! Nataka hela yangu!" Sauti ile ilimtoa jirani usiku na mwiko wa ugali mkononi, akataka kujua panya yuko wapi.

Mafundisho yake yalikuwa haya, na nayatoa bure. Mwache amalize, usimkatize. Muulize jina. Mrudishie maneno yake ajue umesikia. Omba radhi bila kumtupia lawama mwenzako wa zamu. Usiseme "subiri kidogo", maana kidogo ya mgeni na kidogo ya fundi haziwahi kukutana; taja dakika. Kisha mpe kitu. "Mgeni mwenye hasira," alisema shangazi, "haondoki mikono mitupu." Kitu gani, na kwa ruhusa ya nani, hilo hakulisema. Ningependa lieleweke.

Alhamisi nikafika mapema, shati limepigwa pasi mpaka linakwaruza. Ukumbi wa mikutano ulikuwa na semina ya watu wengine, kwa hiyo usaili ukahamishiwa pembeni ya mgahawa: meza moja, nyuma yake meneja, mama wa utumishi, na mpishi mkuu mwenye mikono mikubwa aliyeonekana amelazimishwa kuja. Binti aliyenitangulia alitoka anajipepea na bahasha yake. Alipopita karibu yangu akaninong'oneza:

"Kuna mgeni anakuja kukugombeza. Wanaigiza. Usitishike."

Binti yule, nilikuja kujua baadaye, aliigiziwa na mpishi. Yeye alisema "mgeni anakuja" na mimi nikaelewa mgeni atakuja. Sasa niambieni, hapo kosa la nani?

Nikaitwa. Nikaamkia, nikakaa. Jieleze, nikajieleza. Kwa nini hoteli yetu, nikasema. Mgeni mwenye nusu siku, nikataja Amboni, nikataja na popo, mama wa utumishi akatabasamu na kuandika. Mambo yalikuwa yananiendea vizuri mno, nikawa nawaza nitalipwa tarehe ngapi.

Ndipo mlango wa ngazi ukasukumwa kwa kishindo. Akaingia mzee mmoja, bukta, fulana ya ndani, taulo begani, ndala mguu mmoja, mguu wa pili peku. Mwili mzima unateleza kwa sabuni, na nyuma ya sikio la kushoto limeganda povu kubwa, jeupe, halidondoki.

"Nani mkubwa hapa?" akauliza kwa sauti iliyosimamisha hata semina. "Natoka Amboni na vumbi langu, najipaka sabuni mwili mzima, maji yanakatika! Napiga simu mapokezi, naambiwa subiri kidogo! Kidogo gani? Sabuni inanikauka!"

Nikajisemea moyoni: hawa watu wamejiandaa. Mpaka povu! Wamemtafutia na ndala moja!

Meneja akaanza kuinuka. Nikamnyooshea kiganja. "Samahani bosi, hili niachieni mimi." Akakaa. Sikujua alikaa kwa mshangao. Mimi nilidhani ndio utaratibu.

"Shikamoo baba," nikasema. Nikanyamaza mpaka akamaliza, na alikuwa na mengi, pamoja na historia ya hoteli nyingine zilizomtenda hivyohivyo. Nikamuuliza jina, nikaliandika kiganjani mbele yake. Nikamrudishia maneno: "Kwa hiyo baba, maji yamekukatikia ukiwa na sabuni, na ulipopiga simu ukaambiwa subiri kidogo." Akasema ndiyo, sauti ikashuka. Nikaomba radhi kwa niaba ya hoteli nzima. Yote yakaenda kama alivyofundisha shangazi, hata pumzi nilivuta alipokuwa akiniambia nivute.

Ikabaki kutoa kitu. Na kwa kuwa kilikuwa kitu cha maigizo, nikaona ubahili wa nini?

"Ndani ya dakika kumi, baba, unahamia chumba cha upande wa bahari. Bei ni ileile. Na chakula cha usiku leo hoteli inalipa, wewe na mama."

"Tuko wanne," akasema mzee. "Kuna wajukuu."

"Wote wanne."

Nyuma yangu kitu kikaanguka. Ilikuwa kalamu ya meneja. Nikaona sasa nimalizie kwa heshima, na huyu mwigizaji naye apate haki yake. Nikamsogelea, nikaligusa lile povu kwa kidole, na kwa kweli lilikuwa la moto kidogo na linanukia sabuni ya mkaratusi.

"Lakini mzee wangu umeigiza, hongera sana. Mpaka nyuma ya sikio!"

Mzee akakitazama kidole changu. Akamtazama meneja. "Nimeigiza?"

"Huyu," meneja akasema taratibu, bila kunitazama, "ni mgeni wetu wa chumba namba tisa."

Mpishi akafunika uso kwa mikono yake mikubwa. Mama wa utumishi akainamia karatasi zake, mabega yanamtikisika, sikujua ni kwikwi au ni nini. Nilitamani semina ile inifungulie mlango niingie nijifunze chochote walichokuwa wanajifunza.

Mzee ndiye aliyevunja ukimya. "Kwa hiyo chumba cha bahari hakipo?"

Masika ile hoteli nzima ilikuwa na wageni wa kuhesabu kwa vidole, na vyumba vya bahari vilikuwa wazi karibu vyote, funguo zinaning'inia mapokezi, mzee anaziona kabisa kupitia mlango. Meneja akameza mate. "Kipo, mzee."

"Na kamba mnao?" Hilo alimuuliza mpishi.

"Tunao," akajibu mpishi kutoka ndani ya viganja.

Mzee akaondoka na povu lake, ametulia, ananiaga mimi peke yangu. Meneja akaiokota kalamu, akavuta pumzi, akasema tuendelee. Mama wa utumishi akafuta macho, akapitisha kidole kwenye orodha yake ya maswali.

"Udhaifu wako ni nini?"

Nilikuwa na jibu moja tu, nililofundishwa. "Huwa nasahau majina ya watu," nikasema, "kwa hiyo nayaandika." Nikawaonyesha kiganja. Sabuni ya mzee ilikuwa imelifuta jina lote.

"Huna mwingine?" akauliza.

Meneja aliniambia palepale, hakutaka tupotezeane muda. Mtu wa mapokezi, alisema, ana mipaka. Juisi moja ya kumpoza mgeni anaweza kutoa mwenyewe, lakini chumba na chakula ni mpaka ampigie meneja. Kwa hiyo mapokezi hapana. Ila mgeni aliingia akifoka akatoka ananyamaza, na hilo naye aliliona. "Chumba cha kufulia kina nafasi. Shuka huwezi kuziahidi kitu. Njoo Jumatatu na cheti cha afya."

Nilipofika nyumbani shangazi alikuwa barazani ananisubiri. Nikamsimulia yote, tangu ndala mpaka kiganja. Hakucheka. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, halafu akaniuliza hao kamba walipikwa vipi.

"Wa nazi, nasikia. Na wali."

"Wanne?"

"Wanne."

"Basi," akasema huku akijifunga kanga vizuri, "nipe jina la hiyo hoteli. Na mimi maji yatanikatikia."