Eric B. na Rakim: mwenye biti alifanya nini hasa?

Juzi kijiweni hapa Magomeni, Mtwara, tumebishana kuhusu Eric B. na Rakim, wale wawili wa rap wa Marekani, Eric B. dijei wa upande wa biti, yaani midundo, na Rakim wa kuchana, yaani kurap, mpaka kahawa ikapoa. Dogo mmoja, anachana vizuri kweli, kaniambia kaka, Eric B. alikuwa wa kupiga picha tu kwenye kava, kazi yote kafanya Rakim, kwa hiyo hata lile jina kutangulia ni sifa ya bure. Nimelifikiria siku mbili hizi na naona dogo ana hoja, ila kaifunga kesi mapema mno.

Upande wake una nguvu. 1986 wanatoa wimbo wao wa kwanza Rakim ana miaka 18 tu, mtoto wa Wyandanch, Long Island, kule New York, shangazi yake Ruth Brown mwimbaji mkubwa wa R&B, na yeye mwenyewe alikuwa anapuliza saksafoni na kumsikiliza sana John Coltrane. Kipindi hicho marapa wengi walikuwa wanapaza sauti, kina mwisho wa mstari, basi, unakuja mwingine. Huyu akaja kapoa, anaongea kama mtu aliyekaa barazani. Na sisi watu wa Kiswahili tunaweza kumwelewa haraka maana shairi letu lina kina cha kati na kina cha mwisho toka enzi na enzi, ila Rakim vina alikuwa anavitawanya, vitatu vinne ndani ya mstari mmoja, halafu sentensi haiishi pale unapoisubiri, anaivusha inaenda kumalizikia mstari unaofuata, we unabaki unaifukuzia. Baada yake uandishi wa rap ukabadilika kabisa, rapa mkubwa Nas 2004 kamtungia wimbo mzima kusimulia maisha yake, sasa mtu kama Nas hafanyi hivyo kwa kila mtu.

Eric B. kwenye makaratasi ndo kunakuwa kugumu. Wimbo wa kwanza umerekodiwa nyumbani kwa mtengeneza biti Marley Marl na Marley Marl miaka yote anasema lile biti ni kazi yake. Rakim naye kashasema biti nyingi alikuwa na mkono wake. Albamu ya tatu ya 1990 ndo inaniuma zaidi, kuna fundi wa studio anaitwa Paul C. aliianza kazi, akauawa 1989, mtengeneza biti mwingine, Large Professor, akiwa bado kijana akaiendeleza, na majina yao hayakupewa nafasi yanayostahili pale. Kwa hiyo ukiangalia nani alikaa kwenye mashine, dogo yuko sahihi kwa sehemu kubwa.

Lakini mashine sio kazi yote jamani. Eric B. ndo alitoka Queens kwenda kumtafuta rapa, alikuwa na kazi kwenye redio ya WBLS ya New York, watu anawajua, Rakim wakati huo akili yake ilikuwa chuo na mpira wa Kimarekani. Na kuna hili Eric B. kalisimulia mwenyewe: alichukua sahani ya mwimbaji Fonda Rae, wimbo wa disko, akasema besi hii ndo tutaichania, Rakim alikuwa anakunywa bia akaitema kwa kicheko. Ile besi ndo imebeba wimbo uliowatoa. Sasa sikio kama lile utaliandika kwenye safu gani? Kwenye sindimba yetu wapo wanaopiga na wapo wanaocheza, ila kuna mtu anajua ngoma ibadilishwe saa ngapi, hata kama hajashika fimbo, na akikosekana huyo uwanja unapoa.

Na jina kutangulia lina historia yake, hip-hop imeanza na dijei, mshika maiki alikuwa anamsindikiza. Albamu yao ya kwanza imetoka 1987, ikafika platinamu, yaani nakala milioni, Marekani mwaka 1995, bado imeandikwa Eric B. kwanza. Mi naona ni halali. Yeye ndo alifungua mlango, aliyeingia na kuipanga upya nyumba nzima ni Rakim.

Nnapomlaumu Eric B. ni mwisho. Albamu ya nne 1992, mkataba unakaribia kuisha, akagoma kusaini karatasi ya kuruhusu kila mtu atoe kazi peke yake kwa hofu kwamba mwenzie atamwacha, wakaishia mahakamani, na Rakim kaja kutoa albamu yake peke yake 1997. Miaka mitano, mtu ana miaka 24 mpaka 29, sauti iko kwenye ubora wake! Hiyo hasara ni ya kwetu sote tunaopenda huu muziki. Ila hofu yake naielewa, maana kama hakuna palipoandikwa ulifanya nini, ukiachwa unabaki na nini? 2017 walirudi jukwaani kwenye ukumbi wa Apollo, New York, albamu ya kwanza ikitimiza miaka 30, nilifurahi sana, ila ile mitano hairudi.

Hili linanigusa kwa sababu msimu mmoja wa korosho mimi na rafiki yangu tulirekodi nyimbo mbili hapa Chikongola, yeye biti, mimi mistari. Redioni wakataja jina langu tu na mimi sikupiga simu kusahihisha. Sasa hivi tunasalimiana tu kama majirani.

Yule dogo ana mwenzie wa Mikindani anayemtengenezea biti kwa laptop usiku baada ya kazi. Nikamuuliza jina lake umeliandika kwenye wimbo mpya? Akakaa kimya kidogo akasema hakumbuki. Anaupandisha Jumamosi, nimemwomba aliweke kabla.